Kamba wa nazi wenye pilipili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huongezeka Ramadhani inapokaribia, na kila mtu anaporudi bara kutoka pwani na ndoo ya kamba kwenye barafu. Nimeyapanga kwa mwendo wa kupika, kuanzia sokoni mpaka mabaki ya kesho yake. Mwenye haraka aende kwenye vipimo, lakini asiwashe jiko kabla hajasoma habari ya tui kukatika.

Tunazungumzia mchuzi upi hasa?

Mchuzi wa kamba wa nazi wa pwani yetu, unaopikwa Tanga, Unguja, Mombasa na Lamu: kitunguu, nyanya, thomu, tangawizi, bizari, tui la nazi na pilipili mbuzi. Si kamba wa kupaka, ambao huchomwa kwanza kwenye makaa kisha hupakwa tui zito lililopikwa na ukwaju. Kila nyumba ina mkono wake. Wapo wasiotia nyanya hata moja, wakaacha tui libaki na rangi ya manjano tu, na mchuzi wao ni mtamu vilevile. Mimi naeleza ule wa nyanya, maana hauna visa vingi kwa anayeanza.

Vipimo vya watu wanne ni vipi?

Kamba kilo moja wakiwa na vichwa na maganda. Ukishawamenya watabaki kidogo zaidi ya nusu kilo. Nazi mbili kubwa zilizokomaa, zikupe tui zito kikombe kimoja na nusu na tui la pili vikombe viwili (kikombe cha mililita 250). Kitunguu maji kimoja kikubwa, nyanya tatu zilizoiva sana, punje tano za thomu (kitunguu saumu), tangawizi ya urefu wa kidole gumba. Bizari nyembamba ya kusaga, ile wengine wanaiita jira, kijiko kimoja cha chai; mbegu za giligilani za kusaga kijiko kimoja; manjano nusu kijiko. Pilipili mbuzi mbili, moja ya kusaga na moja ya kuacha nzima. Ndimu mbili, chumvi, mafuta vijiko viwili vya chakula na fungu dogo la kotmiri.

Wapake kamba chumvi, nusu ya thomu iliyotwangwa, pilipili ya kusaga na maji ya nusu ndimu, uwaache robo saa. Wakaange upesi kwenye mafuta ya moto, dakika moja kila upande, uwatoe uweke pembeni. Kwenye mafuta hayohayo kaanga kitunguu kwa moto wa wastani mpaka kilainike na kianze kubadilika rangi, kama dakika nane. Tia thomu iliyobaki na tangawizi, kisha bizari, giligilani na manjano, ukoroge dakika moja. Tia nyanya ulizosaga, kaanga mpaka zikauke na mafuta yaonekane pembeni ya sufuria. Hapo tia tui la pili na ile pilipili nzima, acha lichemke kama dakika kumi lipungue. Punguza moto, tia tui zito, koroga. Likianza kutokota kidogo pembeni rudisha kamba, dakika mbili, epua. Ndimu na kotmiri mwisho.

Kila kitu hapa ni zamu. Mchuzi unaiva kwanza, mpaka ungeweza kuuteka na kuula peke yake, ndipo kamba wanarudi. Wanaowaweka kamba mwanzo "ili mchuzi ukolee" ndio wanaonitumia maswali mengi kuliko wote.

Ninunue kamba gani, na nitajuaje kama bado ni wabichi?

Kwa mchuzi, wa ukubwa wa kati wanatosha. Wale wakubwa wenye mistari mgongoni, kambamiti wa bei ya hoteli, ni wazuri zaidi kwa kuchoma. Kuwazamisha kwenye bizari na nyanya naona ni kuchezea pesa. Wadogo sana nao huiva kabla hujageuka, na kuwamenya ni kazi ya nusu siku.

Sokoni utawakuta kwa kilo au kwa mafungu mezani. Feri ya Dar es Salaam, Deep Sea ya Tanga au soko la Malindi pale Unguja, wahi asubuhi. Mchana barafu imeyeyuka na kamba wamelala kwenye maji yake. Angalia ganda: liwe linang'aa, limeshika nyama, si la kuteleza. Bonyeza katikati ya mwili, panatakiwa pawe pagumu kidogo. Mnyanyue mmoja kwa mkia: kichwa kikining'inia kama kinataka kudondoka, ameshakaa. Kisha nusa. Kamba mbichi ananukia bahari tu. Ukipata harufu kali ya kuchoma pua, inayofanana na ya mkojo uliolala, rudisha, hata muuzaji akikuapia kwa jina la mama yake.

Weusi kichwani huwatisha watu bure mara nyingine. Unatokana na vimeng'enya vya kamba mwenyewe vinavyoanza kazi akishakufa, na huanzia kichwani. Ni dalili kwamba saa zimepita, si lazima kwamba ameoza. Kichwa cheusi, mwili mgumu, harufu safi: kata kichwa, mpike leoleo. Weusi ukiwa umefika mwilini na ganda linateleza, mwache.

Bei hupanda na kushuka na mvua. Kamba hukulia kwenye mikoko na midomo ya mito, ndiyo maana sehemu zinazotajwa kwa kamba ni delta ya Rufiji, Bagamoyo hadi Saadani, na kwa Kenya Ghuba ya Ungwana, Mto Tana unapoingia baharini. Mito ikijaa wakati wa masika, kamba wakubwa husukumwa kuelekea baharini na wavuvi huwapata kwa urahisi zaidi.

Kamba wa barafu wanafaa?

Wanafaa sana, na kwa aliye Dodoma, Kampala au Lubumbashi mara nyingi ni bora kuliko "wabichi" waliosafiri siku mbili kwenye basi. Nunua ambao hawajapikwa, rangi yao ikiwa kijivu. Wale wa waridi wameshachemshwa kiwandani; ukiwapika tena watakakamaa. Wayeyushie kwenye friji usiku kucha, au waweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri ndani ya bakuli la maji ya baridi kwa nusu saa. Usiwayeyushe juani wala kwa maji ya moto. Wakishayeyuka, wachuje na uwafute kwa kitambaa safi, la sivyo kwenye kaango watachemka badala ya kukaangika.

Pakiti nyingi za nje zina namba mbili, mathalani 21/25. Maana yake ni kamba 21 hadi 25 kwa ratili moja, yaani gramu 454. Namba ikiwa ndogo kamba ni wakubwa. Kwa mchuzi huu chukua 21/25 au 26/30.

Ule uzi mweusi mgongoni lazima uutoe?

Ni utumbo wake. Haudhuru ukipikwa, ila una mchanga, na mchanga ndani ya mchuzi wa nazi hauvumiliki. Kwa kamba wadogo mimi siuhangaikii. Kwa wa kati na wakubwa, pasua mgongo kidogo kwa ncha ya kisu, uvute uzi utoke mzima. Huna haja ya kukata ganda lote: chomeka kijiti cha kusafishia meno kati ya pingili ya pili na ya tatu, uuinue uzi polepole. Sokoni wapo vijana wa kuwamenya kwa pesa kidogo. Wape kazi hiyo, lakini waambie vichwa na maganda unavitaka.

Vichwa na maganda navitaka vya nini?

Ladha ya kamba imelala humo kuliko kwenye nyama. Vioshe, vikaange kwenye kijiko cha mafuta mpaka viwe vyekundu na jikoni kunukie, mimina maji vikombe viwili, chemsha dakika ishirini ukiviponda kwa mwiko, kisha chuja. Yale maji ya rangi ya machungwa yatie kwenye nyanya kabla ya tui la pili, yakauke mpaka yabaki nusu kikombe. Mgeni atakuuliza umeweka nini.

Nyumba nyingine hupika kamba na maganda yao, vichwa vikiwa juu, na watu hunyonya mezani. Kama ni watu wa nyumbani, sina neno. Kwa wageni wenye kanzu nyeupe, menya.

Nikune nazi au nifungue kopo?

Ukiwa na nazi nzuri na mtu wa kukaa juu ya mbuzi, kuna. Chagua nazi nzito kwa saizi yake. Itikise usikie maji yakicheza ndani, na angalia macho yake yasiwe na unyevu wala ukungu. Isiyo na maji imekauka au imeoza. Koroma haifai, haijakomaa, tui lake ni maji matupu. Ukiivunja, onja maji yake na kipande cha nyama. Nazi iliyoanza kuwa na harufu ya sabuni itaharibu sufuria zima, na hakuna bizari itakayoificha.

Kuna nyama nyeupe tu, usifike kwenye kifuu. Tia maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na nusu, kanda kwa mkono dakika tatu nne mpaka maji yawe mazito, chuja kwa kifumbu au kitambaa safi, ukamue. Hilo ndilo tui zito. Rudia machicha yaleyale na vikombe viwili vya maji upate la pili. Uyachanganye matui yote mawili mapema na mchuzi wako utakuwa mwepesi au itabidi uuchemshe mpaka ukatike. Blenda inafanya kazi hiyo vizuri: nazi ya vipande vidogo na maji ya uvuguvugu, dakika mbili, kisha chuja.

Tui la kopo au la paketi si aibu. Kopo la mililita 400 linatosha kwa nusu kilo ya kamba waliomenywa. Soma kibandiko: kinachotakiwa kwanza ni nazi na maji, pengine na kitu kidogo cha kushikanisha. Lililoandikwa "nyepesi" liache dukani, umelipia maji. Usilitikise kopo: lifungue, teka utando mzito wa juu uweke kando kama tui la kwanza, na yale maji ya chini yakae badala ya tui la pili.

Kwa nini tui langu hukatika?

Hili ndilo swali linaloongoza. Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyoshikiliwa ndani ya maji na protini za nazi. Likichemka kwa nguvu, protini zinagandana, zinaachia mafuta, na unabaki na chembe nyeupe zinazoelea kwenye maji yenye mafuta juu. Ndimu na nyanya mbichi huharakisha jambo hilo.

Kwa hiyo kabla ya tui zito kuingia, moto uwe mdogo kabisa. Kwenye jiko la mkaa, toa makaa mawili matatu au inua sufuria kwanza. Teka upawa wa mchuzi wa moto, uchanganye na tui kwenye bakuli, ndipo umimine taratibu, lisishtuke. Kisha koroga. Wazee husema korogea upande mmoja. Mimi naona la muhimu ni kutosimama. Teka kwa upawa, inua, mwaga, teka tena, mpaka uone viputo vidogo vikizunguka ukingo wa sufuria na mchuzi umeushika mgongo wa mwiko. Usifunike. Mfuniko hupandisha joto bila wewe kuona, na ukiufunua ni majuto.

Likishakatika, epua mara moja. Kama kuna tui zito la baridi, tia vijiko vitatu vinne ukikoroga kwa nguvu. Mara nyingi litashikana tena. Likikataa, toa kamba, saga mchuzi kwenye blenda kidogo, rudisha. Hata ukiuacha hivyohivyo haujaharibika, sura tu imepotea. Thailand wapishi huchemsha tui zito makusudi mpaka likatike, wakakaangia viungo kwenye mafuta yake.

Tui la paketi lenye vishikanishi halikatiki kirahisi, ndiyo maana anayeanza anaweza kulitumia bila wasiwasi.

Kamba wangu huwa wagumu kama raba. Kulikoni?

Umewapika mno. Kamba wa kati hahitaji zaidi ya dakika tatu nne kwa jumla, ukijumlisha na kule kukaanga. Tazama umbo na rangi: nyama ikitoka kwenye ukungu wa kijivu ikawa nyeupe yenye wekundu, na mwili ukajikunja nusu duara, ameiva. Akijiviringisha mpaka mkia ugonge kichwani, amepitiliza, na hata umchemshe saa nzima halainiki tena. Kumbuka pia kwamba mchuzi wa moto unaendelea kupika ukishaepua, kwa hiyo epua wakiwa wamebakiza kidogo.

Sababu ya pili ni ndimu. Kuwalaza kamba kwenye ndimu tangu asubuhi ni kuwapika bila moto. Nje wanakuwa weupe na wakavu. Robo saa inatosha.

Nitie pilipili kiasi gani, na ikizidi?

Pilipili mbuzi nzima, na kikonyo chake, ikielea kwenye mchuzi inatoa harufu yake tamu na ukali kidogo. Isipasuke tu. Atakayeitaka aitumbulie kwenye sahani yake. Ya kusaga ndiyo inayowasha mchuzi wote. Anza na nusu ukiwa humjui mlaji. Ukiikata, paka mikono mafuta au vaa glavu, na usijiguse macho.

Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ndiyo maana tui huutuliza, na ndiyo maana kumimina maji kwenye mchuzi uliozidi pilipili kunakuachia mchuzi mwepesi unaowasha vilevile. Ongeza tui zito, na sukari chembe kidogo ikibidi.

Ndimu au ukwaju?

Ndimu ni nyepesi, inaamsha kamba. Ukwaju ni mzito na unaupa mchuzi rangi ya kahawia. Unapendeza zaidi kwenye samaki wa kupaka. Kwa kamba ninachagua ndimu, tena baada ya kuepua. Ikichemka na tui inakata tui, na harufu yake yote inaishia hewani.

Naweza kutumia bizari ya mchuzi ya paketi?

Ndiyo, kijiko kimoja na nusu cha chai badala ya viungo vyote vitatu. Angalia isiwe na chumvi ndani. Mdalasini na karafuu ziacheni kwenye pilau.

Bamia, viazi, bilinganya?

Bilinganya zilizokaangwa pembeni zinakubali. Viazi hunyonya tui na kuhitaji muda ambao kamba hawana, kwa hiyo viive kwanza kwenye tui la pili. Bamia sikubaliani nazo humu.

Niko Muscat, London au Minneapolis. Nitapata wapi vitu hivi?

Muscat huna shida. Kamba wa bahari yao ni wazuri na nazi zipo. Kwingineko, maduka ya Wahindi yana bizari na nazi iliyokunwa ya barafu, ambayo ukiikanda na maji ya moto inatoa tui karibu sana na la nyumbani. Maduka ya Wathai yana tui zuri la kopo. Pilipili mbuzi ni ndugu wa karibu wa zile za Karibea zinazoitwa Scotch bonnet, na habanero pia inakaa mahali pake.

Uliwe na nini?

Wali mweupe. Wali wa nazi juu ya mchuzi wa nazi ni nazi mbili zinazogombana, ingawa najua Mombasa yote itanipinga. Mkate wa mofa, chapati, na hata sima laini vinafaa. Pembeni weka kachumbari yenye ndimu nyingi, kwa sababu mchuzi huu ni wa mafuta.

Kuna watu wasiopaswa kula?

Wenye mzio wa kamba, na hili si la mzaha. Dalili huanza mara nyingi ndani ya dakika chache mpaka saa mbili: vipele vinavyowasha, midomo au uso kuvimba, kutapika, kifua kubana. Kupika hakuondoi kinachosababisha mzio, na kutoa kamba kwenye sahani ukaacha mchuzi hakusaidii. Mtu akianza kupumua kwa shida, hospitali moja kwa moja, msingoje maziwa wala mkaa. Mzio unaweza kumwanza mtu mzima aliyekula kamba miaka yote. Mtoto anayeonja mara ya kwanza, mpe kipande kidogo, mchana, siku ambayo mpo nyumbani.

Ukialika watu, uliza pia. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi wa pwani yetu, kamba ni halali bila maneno. Baadhi ya Wahanafi wana maoni tofauti. Wasabato wengi hawali, kwa kufuata Mambo ya Walawi sura ya 11. Kuku wa nazi hawezi kumkwaza yeyote kati yao.

Mabaki yanakaa siku ngapi?

Yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kuiva, kwenye chombo chenye kina kifupi yapoe haraka. Siku mbili ni salama na bado ni matamu. Ya tatu bado yanalika, lakini kamba wameanza kukauka. Bila friji, yaishe siku hiyohiyo. Nazi huchacha upesi kwenye joto la Dar. Ukipasha, pasha mchuzi kwanza bila kamba mpaka utokote taratibu, kisha warudishe wapate moto kabisa. Kamba wabichi wasikae kwenye friji zaidi ya siku mbili kabla ya kupikwa.

Nina wageni wa jioni. Naweza kuanza asubuhi?

Ndiyo, na nafikiri inafaa zaidi. Asubuhi menya kamba, uwaweke kwenye friji wakiwa wakavu, bila ndimu wala chumvi. Chemsha vichwa, kaanga kitunguu na nyanya, tia tui la pili likauke kiasi, zima, na ukipoa uuweke kwenye friji nao. Tui zito likae kwenye friji pia; likigawanyika tabaka mbili, likoroge tu. Wageni wakishanawa mikono na wali uko tayari, pasha mchuzi, wapake kamba viungo uwakaange, tia tui zito, na ndani ya nusu saa, ukihesabu na ile robo saa ya kuwalaza kamba kwenye viungo, sahani ziko mezani.